Ng'ombe wetu, wagonjwa wetu, mawe yetu: utafiti lazima urudi mlimani

Siku mjomba wangu alipovunjika mguu, alikuwa na ng'ombe wanne. Pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye tope la barabara ya Masisi, ikamwangukia, na mfupa wa paja ukakatika. Hospitali tuliyofikia haikuwa na vyuma vya kufungia mfupa. Tuliambiwa tuvitafute sisi wenyewe mjini, tuvinunue, tuvilete. Familia ilikaa, ikashauriana, ikauza ng'ombe wawili. Kabla mguu haujapona, ng'ombe wa tatu alikufa kwa ugonjwa wa kupe, ule ambao waganga wa mifugo wanauita teileriozi. Mjomba akabaki na ng'ombe mmoja na fimbo ya kutembelea.

Hesabu hiyo inanirudia kila ninaposoma habari za utafiti wa sayansi. Watafiti wa mifugo wana lao, madaktari wana lao, na wahandisi wanaotengeneza vyuma na vitu vipya vya viwandani wana lao. Magazeti yao ni tofauti, mikutano yao ni tofauti. Lakini kwa mfugaji wa Masisi mambo hayo matatu yalikutana katika nyumba moja, katika mwezi mmoja. Na yote matatu yalimkuta mikono mitupu.

Tuanze na mawe. Katika eneo hilohilo la Masisi kuna Rubaya, machimbo ambayo peke yake yanakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya coltan ya dunia nzima. Ndani ya coltan kuna madini yanayoitwa tantali. Tantali haiyeyuki mpaka moto upite nyuzi 3,000, haishiki kutu, na mwili wa binadamu unaivumilia bila kuikataa. Sehemu kubwa inaingia kwenye vipande vidogo vya umeme ndani ya simu na kompyuta. Lakini kuna sehemu nyingine ambayo watu wetu wengi hawaijui: inaingia katika mifupa ya wagonjwa.

Tangu miaka ya 1990 wahandisi wamejua kutengeneza tantali yenye matundu kama sifongo. Wanachukua kiunzi cha kaboni, wanakipaka tantali kwa njia ya mvuke, mpaka kinatokea kitu ambacho robo tatu yake au zaidi ni nafasi tupu. Mfupa wa mgonjwa unaota na kuingia katika matundu hayo, unashikamana na chuma kana kwamba ni ndugu yake. Tena chuma hicho hakikazi kupita kiasi. Kinapinda kidogo kama mfupa unavyopinda, kwa hiyo hakiuonei mfupa wa jirani. Sasa watafiti wanakichapa kwa mashine, tabaka juu ya tabaka, kwa kipimo cha mgonjwa mmoja mmoja. Wazee wa Ulaya na Marekani waliolika nyonga na magoti wanatembea tena. Na wengine nyonga yao mpya ni ya mchanganyiko wa kobalti na kromi. Hapo tena tukumbuke Lualaba na Haut-Katanga, kwa sababu kobalti nyingi ya dunia inatoka kwetu.

Sisemi kwamba mjomba angewekewa tantali. Mfupa wa paja uliovunjika unahitaji msumari wa chuma cha kawaida, na hicho kinatosha. Ninachosema ni hiki: mtu anayeishi juu ya mlima wenye madini ya kuponya mifupa aliuza ng'ombe wawili ili apate msumari. Hilo halitokani na upungufu wa sayansi.

Twende kwa ng'ombe. Teileriozi inaletwa na kijidudu kinachobebwa na kupe. Mashirika ya mifugo yanakadiria kwamba kila mwaka unaua ng'ombe zaidi ya milioni moja katika Afrika ya mashariki, ya kati na ya kusini. Dawa ya kuuzuia si jambo la kesho. Tangu miaka ya 1970, huko Muguga nchini Kenya, watafiti waligundua njia: ng'ombe anapewa kijidudu chenyewe kikiwa hai, na papo hapo anapigwa sindano ya antibiotiki inayokaa mwilini muda mrefu. Anaugua kidogo, anapona, na baada ya hapo ana kinga ya miaka mingi. Leo chanjo hiyo inatengenezwa Lilongwe, Malawi.

Na watafiti wetu hawakulala. Mwaka 2019 ilitoka kazi ambayo Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Bukavu, UEA, kilishiriki, iliyochunguza vinasaba vya kijidudu hicho katika ng'ombe wa Kongo na Burundi. Swali lilikuwa la maana sana kwa mfugaji: je, kijidudu cha kwetu kinafanana na kile kilichomo ndani ya chanjo, au ni kingine? Huo ndio utafiti unaotakiwa kufanywa kabla ya kuchanja ng'ombe hata mmoja.

Lakini chanjo hiyo inatunzwa ndani ya naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija mmoja una dozi za makumi ya ng'ombe, na ukishafunguliwa lazima utumike kwa saa chache. Maana yake inahitajika mitungi, gari, barabara, mganga wa mifugo aliyefundishwa, na wafugaji waliokubaliana kukusanya ng'ombe siku moja. Vita vimevunja karibu kila kimoja cha hivyo. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoanguka mikononi mwa M23. Baridi ya nyuzi 196 haiwezi kusubiri siku tatu kwenye kizuizi cha barabarani.

Sasa tuje kwa madaktari, kwa sababu hapo ndipo kuna fundisho kubwa kuliko yote, na tumelipata sisi wenyewe hapa nchini.

Mwezi wa kumi 2022 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Biolojia na Tiba, INRB, pamoja na wenzao wa Marekani, ilianza kujaribu dawa ya tecovirimat kwa wagonjwa wa mpox. Watu 597, watoto na watu wazima, walilazwa Tunda, jimbo la Maniema, na Kole, jimbo la Sankuru. Wengine walipewa dawa, wengine walipewa kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitangazwa mwezi wa nane 2024: dawa haikuponya vidonda haraka kuliko kidonge kile kitupu.

Wengi walisoma mpaka hapo wakafunga ukurasa. Lakini kulikuwa na namba nyingine. Katika wagonjwa wote wa utafiti, waliopewa dawa na wasiopewa, waliokufa walikuwa asilimia 1.7. Kwa wagonjwa wa mpox nchini kwa jumla, vifo vilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Nini kiliwaokoa? Walilazwa kwa siku 14 au zaidi. Walikula. Walipewa maji ya kutosha. Vidonda vyao vilisafishwa, malaria na magonjwa mengine waliyokuwa nayo yakatibiwa. Kitanda, chakula na muuguzi vilifanya kazi ambayo dawa mpya haikuifanya.

Ndugu msomaji, tulitafakari hilo. Utafiti ulikuja na vitanda, ukaja na chakula na wauguzi, na watu wakapona. Utafiti ulipokwisha, nani anaendelea kulipia kitanda? Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia nzima wanalifuata katika utafiti juu ya binadamu na ambalo lilirekebishwa tena mwaka 2024, linataka mipango ya baada ya utafiti ipangwe kabla utafiti haujaanza. Kwa dawa inayofaa, hilo linaeleweka. Lakini kama kilichofaa ni huduma yenyewe, basi huduma yenyewe ndiyo inayotakiwa kubaki.

Najua kuna watakaonijibu kwamba bila amani hakuna sayansi, kwamba tuache kwanza bunduki zinyamaze. Ni jibu lenye uzito, na mimi mwenyewe natamani amani kabla ya kitu kingine chochote. Ila historia yetu hailiungi mkono lote. Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa 681 wa Ebola waliingizwa katika utafiti wa dawa nne. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto Februari 2019. Kazi ikaendelea. Ikajulikana kwamba dawa mbili zilipunguza vifo hadi karibu 35 kwa wagonjwa 100, wakati mbili nyingine zilibaki karibu na 50. Mojawapo ya zile mbili nzuri ilianzia katika damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na jina la profesa wetu Jean-Jacques Muyembe halitengani nayo. Leo inaitwa Ebanga, na leseni yake iko kwa kampuni moja ya Marekani.

Kwa hiyo tunaweza kufanya utafiti hata katikati ya risasi. Tatizo liko mahali pengine: tumekubali kuwa mahali ambapo utafiti unaanzia, na hatujadai kuwa mahali unapoishia. Damu inatoka Kikwit. Jiwe linatoka Rubaya. Kupe anatoka kwenye ng'ombe wa Kivu. Kinachorudi ni habari njema kwenye redio.

Wengine watasema sayansi ya kisasa ni ya matajiri, sisi tutafute kwanza chakula. Hao pia nawajibu kwa mifano. Kuna chanjo ya kuku ya ugonjwa wa Newcastle, inayoitwa I-2, iliyotengenezwa Australia kwa makusudi ivumilie joto la vijijini. Inadondoshwa jichoni, na hata mama wa kijijini anaweza kufundishwa kuiweka. Imetumika Tanzania na Msumbiji. Kuna msumari wa mfupa uliobuniwa na shirika la SIGN la Marekani kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine ya kuonyesha mfupa wakati wa upasuaji. Daktari anaongozwa na kipimo cha chuma kilichofungwa nje ya mguu, na hospitali za nchi maskini zinaupata bila kulipa. Vyote viwili ni sayansi ya hali ya juu. Tofauti yake ni kwamba aliyevibuni alianza kwa kuuliza: huyu atakayekitumia ana umeme? ana barafu? ana barabara?

Nini kifanyike basi? Nasema mambo matatu.

La kwanza, fedha. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa maeneo ya mahali pa machimbo, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mwaka huohuo kobalti na coltan vilitangazwa kuwa madini ya kimkakati na mrabaha wake ukapandishwa hadi asilimia 10. Ni kweli kwamba coltan ya Rubaya iko mikononi mwa waasi tangu 2024 na haiingizi kitu Kinshasa. Lakini kobalti ya Lualaba inaingiza. Wabunge waombe hesabu ya mfuko wa vizazi vijavyo waziwazi, na sehemu yake ipewe maabara za vyuo vikuu, mitungi ya baridi ya mifugo, na vyuma vya mifupa katika hospitali za wilaya. Kizazi kijacho kitatembea kwa miguu ipi kama hatuifungi leo?

La pili, mkataba. Kila utafiti unaoomba ruhusa ya kuchukua damu, ngozi au kupe wa nchi hii uandike katika ukurasa wa kwanza kitakachobaki baada yake: vitanda vingapi, wauguzi wangapi waliofundishwa, friji gani, na nani atalipa mshahara mwaka wa pili. Kamati za maadili zisitie sahihi bila hayo.

La tatu, lugha. Matokeo yanaandikwa Kiingereza, yanafupishwa Kifaransa, na yanaishia hapo. Mfugaji wa Masisi na mama wa Tunda wanazungumza Kiswahili. Wao ndio waliotoa ng'ombe na mtoto. Wana haki ya kuambiwa, katika lugha yao na kupitia redio yao ya mtaa, kilichoonekana na kile ambacho hakikuonekana.

Sidai miujiza. Sidai kiwanda cha nyonga za tantali kule Rubaya kesho asubuhi. Nadai kwamba mtu akivunjika mguu huko, msumari uwepo hospitalini, na ng'ombe wake wawe wamechanjwa anaporudi nyumbani. Sayansi ya kufanya hayo yote ipo tayari, na imekuwepo kwa miaka.

Mjomba anatembea bado, akichechemea. Ule ng'ombe mmoja alizaa. Majuzi alinipigia simu kuniuliza kama ni kweli kuna sindano ya kuzuia ugonjwa wa kupe. Nilimwambia ni kweli, ipo tangu yeye alipokuwa kijana. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Basi wameiweka wapi?"