Wao Walichanga Pesa, Sisi Tulichanga Sura

Jumapili baada ya mpira tulikaa pale kwa muuza chapati tukabishana mpaka giza likaingia. Ubishi ulianza na gemu. Kaka mmoja kati yetu, yule fundi wa simu, alikuwa anasimulia kisa cha Elite: Dangerous, wengine wakaanza kucheka: eti wazungu wazima wanalia juu ya gemu! Sisi tunaoandika hapa hatukucheka. Tunataka kueleza kwa nini, na ndugu zetu wa mashirika tunawaomba msome mpaka chini, juu inawahusu.

Kisa ni hiki. Mwisho wa 2012 kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza, iliomba watu wachange pesa kupitia Kickstarter ili itengeneze gemu ya kurusha vyombo vya angani. Mkubwa wake wakati huo, David Braben, ni mmoja wa wale wawili waliotengeneza Elite ya kwanza mwaka 1984, kwa hiyo watu walimwamini. Zaidi ya watu 25,000 walitoa pauni zaidi ya milioni 1.5. Wakati mchango bado unaendelea watu waliuliza: tutaweza kucheza peke yetu bila intaneti? Wakajibiwa ndiyo, itawezekana. Basi wakatoa.

Novemba 2014, imebaki kama mwezi mmoja gemu itoke, ikaja barua ya habari za kampuni. Ndani yake, pamoja na mambo mengine, wakaambiwa kucheza bila intaneti kumeondolewa. Sababu waliyopewa: ulimwengu wa gemu hiyo unabadilika kila wakati kwenye seva, ukiikata na seva inabaki gemu tupu, haina ladha.

Watu waliwaka. Wengi walidai pesa zao. Kampuni ikasema walionunua mapema na hawajacheza watarudishiwa, ila waliokwisha cheza matoleo ya majaribio, hapana. Kelele zilipozidi ikasema itaangalia kesi moja moja. Walikuwepo waliotukana pia, hao hatuwatetei. Na sababu ya kiufundi tunaikubali, kazi inaweza kukushinda katikati. Lakini mtu alitoa pesa juu ya jibu la "ndiyo". Ukiligeuza liwe "hapana" mwezi mmoja kabla, na ukalisema katikati ya habari nyingine, usishangae akipiga kelele.

Kilichotukera zaidi ni wale waliowaambia wenzao: mnalia nini, siku hizi nani hana intaneti?

Nani hana? Njoo Katwe. Njoo Nsambya tukuonyeshe. Hapa Uganda Julai 2018 tuliwekewa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando. Januari mwaka huohuo wa 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima siku kadhaa, hata mwenye pesa alikaa kimya kama sisi. Kwetu "bila intaneti" si pambo. Ndo mlango wenyewe. Mwangalieni Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa nchi hii. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu akamnunulia kompyuta ya dola 300, na yeye alikuwa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifundisha mpaka akatengeneza gemu yake, Salaam. Ingekuwa kompyuta ile haifunguki bila bando, sisi tungemjulia wapi?

Sasa tufike kwetu. Kuna shirika moja, jina tunaliacha, lilikuja kwetu na kamera. Walitaka kuchangisha pesa kwa watu wa nje ili vijana tupate masomo ya Kiingereza na hesabu kwenye simu, na walisema wazi, mbele ya watu, masomo yatafunguka bila intaneti. Tukawapa kila walichotaka. Tulikaa kwenye jua wapige picha. Dada mmoja wa kundi letu alieleza jinsi walivyotoka Masisi usiku, jambo ambalo sisi wenyewe hajawahi kutuambia. Alilia, na kamera haikuzimwa.

Miezi ikapita, programu ikaja. Ukiifungua tu inauliza intaneti. Ukikatika bando katikati ya somo inakurudisha mwanzo. Yule dada simu anashiriki na mama yake anayeuza vitenge, na bando la mama ni la wateja. Alisoma mara mbili akaacha.

Kwenye mkutano mwenzetu alinyoosha mkono akauliza ile ahadi iko wapi. Akajibiwa kwa upole kabisa: toleo hili ni bora zaidi, kwanza tujifunze kushukuru.

Hapo ndipo tunapopinga. Wachangiaji wa Elite hakuna aliyewaambia washukuru. Kampuni iliwajibu, vibaya au vizuri, kwa sababu wana risiti. Ahadi ni deni, tumefundishwa wote toka utotoni, lakini inaonekana deni hili anadai mwenye risiti peke yake. Sisi pia tulichanga! Tulitoa sura zetu, na hadithi zetu, na siku nzima ya kazi kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha siku. Bila ile video pesa ya nje isingetoka. Na hao waliotoa pesa huko nje, kuna aliyewaambia kwamba kile walichokilipia kimekatwa? Tumeuliza. Hatujajibiwa.

Tuseme na letu, tusionekane watakatifu. Desemba tulikusanya shilingi 2,000 kwa kila mtu kwa mashindano ya gemu ya mpira, tukaahidi siku ya wasichana peke yao. Mwenye mashine akapandisha bei, tukaikata siku hiyo, tukawaambia asubuhi ileile, wengine wameshalipa boda mpaka mlangoni. Walipokasirika tulisema nini? "Jamani, ni mashindano tu." Pesa yao tumerudisha Januari, ya boda bado.

Tumewaandikia wale wa shirika barua yenye maombi mawili: wawaambie waliochangia ukweli, na watoe masomo hata kwa memori kadi, fundi wetu amekubali kuyapakia kwenye simu bure. Kama hayo yote hayawezekani, basi waiondoe video yenye uso wa yule dada. Jibu likija tutaliweka hapahapa, hata likiwa la kutusema sisi.