Usisubiri Msiba Ndipo Uione Bukoba



Kila mfunguo mosi ukiingia, mabiharusi wetu huulizana swali moja: fungate wapi? Majibu nayo ni yale yale. Dubai kwa mwenye nazo, Nungwi kwa wa kati na kati, na asiye nacho anaambiwa akapige picha zake Forodhani zitamtosha. Leo nataka kuzungumza na mwari mmoja tu katika hao: yule aliyeposwa na kijana wa bara, tena bara ya mbali. Nimchukue aliyeolewa na mtu wa Bukoba, maana visa vya huko ninavijua.

Rai yangu ni hii. Kabla ya Dubai, kabla hata ya kununua makochi, nendeni siku tatu kwao mume wako.

Wapo wanawake wa hapa kwetu wameolewa miaka minane, kumi, na mara ya kwanza kuiona Rwamishenye ilikuwa usiku, wako nyuma ya jeneza la baba mkwe. Umefika umechoka, nyumba imejaa watu, hujui shangazi ni nani na jirani ni nani, hujui maji ya udhu yako wapi. Mumeo analia, hana nguvu ya kukutambulisha. Unakaa pembeni kimya kwa sababu hujui lugha, na kesho yake maneno yashatoka: mke wa pwani anaringa. Hukuringa. Ulikuwa mgeni tu katika siku ambayo mgeni hana wa kumshughulikia. Jina hilo ukishapewa, kulivua si kazi ndogo.

Basi nenda siku ya furaha. Na usiende kama mtu anayetimiza wajibu tu, maana mji wenyewe una mengi ya kuona.

Kwanza safari. Ndege ipo, na uwanja wa Bukoba uko pale pale ukingoni mwa Ziwa Victoria. Basi kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya siku nzima, na kwa bibi harusi mpya siishauri. Njia ninayoipenda mimi ni kufika Mwanza kisha kupanda meli ya usiku, mkachukua chumba chenu wawili. MV Victoria ilirudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa. Haisafiri kila siku, kwa hiyo ulizeni siku zake kabla hamjapanga lolote.

Najua kuna watakaoshtuka kusikia meli. Sisi tuna Spice Islander ya tarehe 10 Septemba 2011, na Skagit mwaka uliofuata. Wao wana MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Huenda familia unayoingia ina jina la mtu katika msiba ule. Muulize mumeo kabla hamjafika, usije ukalitaja kwa mzaha mezani. Nao watu wa kule wana tarehe 10 Septemba yao: mwaka 2016 siku hiyo hiyo tetemeko la ardhi liliua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba. Mwanamke wa kisiwani anayejua maji yanavyochukua watu atapata la kuzungumza na mavyaa wake, hata kama lugha zao hazikutani.

Mji wa Bukoba si wa kale kama Mji Mkongwe. Kituo chake kilianzishwa mwaka 1890 na Emin Pasha, Mjerumani kwa kuzaliwa aliyetumikia dola ya Waturuki na kujiita Mehmed Emin. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kwa meli, wakauvamia mji na kuivunja mitambo ya simu ya upepo ya Wajerumani. Lakini historia ya nchi yenyewe ni ndefu kuliko hiyo. Huko Katuruka, nje ya mji, wataalamu wamechimbua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za kama miaka 2,000 iliyopita. Na Karagwe, mahali paitwapo Kafuro, karne ya 19 palikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliofuata pembe za ndovu. Mizigo ile mwisho wake ilikuwa Unguja. Kwa hiyo mtu akikuuliza umefuata nini mbali hivyo, mwambie wazee wetu walitangulia, tena kwa miguu.

Siku ya mjini itosheni kwa makumbusho ya Nyamukazi, matembezi ya ufukweni jioni, na soko. Kanisa kuu mtalipita tu, haliwezi kukosa kuonekana. Ndani yake amezikwa Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kadinali katika zama hizi. Musira, kile kisiwa kilicho mbele ya mji, ni kizuri kukiangalia ukiwa nchi kavu. Ziwani usiingie kuogelea. Sisi wa Unguja na Pemba hatuhitaji kufundishwa kichocho ni nini.

Chukua sweta. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na mvua yake ni kubwa, hasa Machi hadi Mei. Viatu viwe vya chini, kwa sababu ya vilima na udongo mwekundu. Buibui lako halitamshangaza mtu, Waislamu wapo na adhana utaisikia, ila pindo lake lisiburuze.

Sala sasa, maana hapa wengi hukosea. Ratiba ya Unguja iache Unguja: jua la Bukoba linachelewa kwa kama nusu saa, basi magharibi ya kwenye simu iliyosahau kubadili mji si magharibi. Kibla nacho si kile ulichozoea. Kwetu tunaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Bukoba unageuka kidogo kuelekea mashariki, na ziwa linakuwa upande wako wa kulia. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mliokusudia kukaa chini ya siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, mna ruhusa ya kupunguza adhuhuri, alasiri na isha. Ukisali nyuma ya imamu mwenyeji, timiza nne. Mumeo ikiwa bado anapahesabu pale ndipo makazi yake, hukumu yake yaweza kuwa nyingine. Amuulize sheikh kabla ya safari, si akiwa juu ya mswala.

Nyumbani kwao ndipo penye mtihani. Utakuta nyumba katikati ya migomba, na katika shamba hilo hilo makaburi ya wazee. Familia nyingi za kule zimechanganyika, mjomba Mwislamu na shangazi Mkristo, na wote wanakula sahani moja. Suala la nyama amalize mumeo kwa simu wiki moja kabla: nani atachinja. Asipoweza, aseme mke wangu anapenda samaki. Sato wa ziwani hana mjadala. Ndizi watakupikia pamoja na maharage, usiulize nazi. Ukiletewa kinywaji cha ndizi, uliza kwa upole kama ni juisi au ni rubisi, kwa sababu rubisi ni pombe. Senene, ukifika wakati wao, Waislamu wengi wa kule wanawala na kuwafurahia. Roho yako isipotaka, shukuru na umpitishie wa pembeni.

Halafu kuna kupiga magoti. Mwanamke wa Kihaya humsalimia mkubwa akiwa amepiga magoti, na najua baadhi ya dada zetu hukataa wakisema ni kusujudia mtu. Mimi sioni hivyo. Sijda ina namna yake, na kukaa chini mbele ya mama wa mumeo ukimsalimia ni adabu kama tunavyobusu mikono ya wazee wetu. Mwenye wasiwasi akae mkekani kwanza, ndipo asalimie, watamwelewa. Kusimama wima na kunyoosha mkono ndiko kutakakoumiza watu.

Zawadi zisikupasue kichwa. Haluwa, karafuu na iliki kidogo, doti ya kanga kwa mavyaa na moja kwa kila wifi. Soma jina la kanga kabla hujafunga mzigo! Muuzaji wa Darajani hatakukumbusha kwamba ulichobeba ni kijembe.

Nao watakupa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani ya dawa kisha zikakaushwa. Ndiyo heshima ya mgeni. Zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu waligawana buni mbili za tunda moja, wakichanganya na damu. Hiyo ya damu haituhusu, lakini buni zenyewe pokea kwa mikono miwili na utafune taratibu, ni chungu kidogo mwanzoni. Omba na za kubeba. Mama yako atataka kuonja, na atakuuliza mambo mengi kuliko angekuuliza kuhusu Dubai.