Akiba ya uzeeni ikaguliwe kabla haijatumika

Sheria inapomlazimisha mfanyakazi kuweka akiba, inamnyima pia nafasi ya kuchagua atakayemtunzia. Asiyeiamini benki yake huihama, na asiyeridhika na chama chake cha akiba na mikopo hutoa akiba yake akaenda zake. Mwanachama wa Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, hana pa kwenda. Kwa sababu hiyo serikali inawiwa na mwanachama huyo uangalizi mkali kuliko ule inaoudai kwa taasisi yoyote ya kibinafsi. Kenya haijatimiza wajibu huo. Fedha za NSSF hukaguliwa, lakini mara nyingi hukaguliwa zikiwa zimeshatoka, na ripoti hubaki kueleza zilivyopotea. Uangalizi wa maana ni ule unaomfikia mdhamini kabla hajatia saini, na mamlaka ya kumzuia yawe mikononi mwa mtu asiyeteuliwa na serikali ileile inayozitaka fedha hizo.

Uzito wa jambo hili unaonekana wazi mtaani Karen, jijini Nairobi. Nyuma ya nyua za kayaba na mageti ya mtaa huo wamo mayaya, watunza bustani, madereva na askari wa usiku, wengi wao wakiingia alfajiri kutoka Kuwinda, Kibera, Ngong na Rongai. Sheria ya NSSF ya 2013 inawagusa hawa sawa na inavyowagusa wafanyakazi wa benki za Upper Hill. Hadi mwanzoni mwa 2023 mchango ulikuwa Sh200 za mfanyakazi na Sh200 za mwajiri. Tangu Mahakama ya Rufaa ilipofungua njia ya kuitekeleza sheria hiyo Februari mwaka huo, kila upande hutoa asilimia 6 ya mshahara. Mtunza bustani anayelipwa Sh16,000 hukatwa Sh960, naye mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Kwa mwaka mmoja hizo ni Sh23,040, kutoka Sh4,800 za utaratibu wa zamani. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba, karo na nauli kutokana na mshahara huo, makato haya si madogo. Mwajiri ambaye hapeleki michango hiyo anamdhulumu mfanyakazi wake na hana udhuru. Lakini hata anayeipeleka kila mwezi bila kukosa anastahili kuhakikishiwa kwamba inafika mahali salama.

Liko pia jambo lisilozungumzwa sana. Sheria hiyo inamruhusu mwajiri mwenye mpango wake wa pensheni, kwa idhini ya Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, kuelekeza huko sehemu ya mchango badala ya NSSF. Kampuni kubwa zimeitumia nafasi hiyo. Yaya wa Karen hawezi, kwa kuwa mwajiri wake ni familia isiyo na mpango wowote wa pensheni. Hivyo wenye kipato kizuri wana mlango wa kutokea, na wenye kipato kidogo wamebaki ndani. Mfuko ukiyumba, wa kwanza kuumia ni yule asiye na akiba nyingine.

Na mfuko huu umewahi kuyumba. Ripoti ya tume ya Paul Ndung'u kuhusu ugawaji haramu wa ardhi, iliyokabidhiwa serikali mwaka 2004, ilieleza jinsi mashirika ya umma yalivyogeuzwa wanunuzi wa ardhi iliyotolewa kwa watu wenye ushawishi. Ilikadiria kuwa NSSF pekee ilitumia takriban Sh30 bilioni kati ya 1990 na 1995 kununua mali za namna hiyo. Baadaye fedha za wanachama zinazozidi Sh1 bilioni zikapotelea katika kampuni ya udalali wa hisa ya Discount Securities. Katikati ya jiji, karibu na bustani ya Jeevanjee, jengo la NSSF liitwalo Hazina lilipangiwa kupandishwa hadi ghorofa 36, kisha mpango ukashushwa hadi 15 huku mpangaji mkuu, duka la Nakumatt, akipinga ujenzi huo mahakamani. Mwaka 2014 mradi wa miundombinu wa Sh5 bilioni huko Tassia, Embakasi, ulizua mzozo ndani ya bodi yenyewe, na katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COTU, Francis Atwoli, akiwa mdhamini, akaupinga hadharani. Wizara zilibadilika katika miaka hiyo, na marais pia, lakini mtindo haukubadilika: uamuzi hupitishwa faraghani, fedha hutoka, kisha Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na kamati za Bunge hufuata nyayo. Kisa cha Tassia kinafundisha zaidi kuliko vingine. Umma uliamka mapema kwa sababu mdhamini aliyewakilisha wafanyakazi alikuwa ndani ya chumba cha kikao na akakubali kusema.

Wapo watakaosema hayo ni ya kale. Wana hoja ya kusikilizwa. Sheria ya RBA ya 1997 ilileta mdhibiti, kanuni zikaweka kikomo cha asilimia 30 kwa uwekezaji katika majengo na ardhi, na mali za mfuko sasa hushikwa na watunzaji wa nje na kusimamiwa na mameneja wa uwekezaji wa kitaalamu. Kufikia katikati ya 2024 thamani ya mfuko ilikuwa imevuka Sh400 bilioni. Haya ni mafanikio ya kweli, na ni ushahidi kwamba kanuni zinazotangulia matumizi hufanya kazi. Lakini ukuaji huo umetokana pia na makato mapya, na makato yanaendelea kupanda: tangu Februari 2026 mwenye mshahara wa Sh108,000 au zaidi hutoa Sh6,480 kwa mwezi. Fedha zikiongezeka kwa kasi hii, na wanaozimezea mate nao huongezeka.

Barabara ya Rironi hadi Mau Summit inaonyesha tulipofika. Mwishoni mwa 2025 serikali ilizindua upanuzi wake, sehemu yake ikiwa kwa ubia ambamo NSSF ni mshirika wa kampuni ya China Road and Bridge, na fedha zirudi kupitia ada za madereva. Huenda barabara hiyo ikawa uwekezaji mzuri, maana mfuko wa pensheni unahitaji mali za muda mrefu. Hoja yangu iko kwingine. Katika mradi huu serikali ndiyo mwenye barabara, ndiyo inayoteua wadhamini, na mdhibiti wa pensheni ni taasisi yake. Tena ndiyo inayokopa fedha za mfuko kupitia hatifungani. Mtu mmoja akikaa pande zote za meza, anayestahili kuuliza iwapo ada hizo zitatosha kuwalipa wastaafu ni nani?

Wengine watasema uangalizi wa mapema utachelewesha maamuzi na kuwakosesha wanachama faida. Hatifungani na hisa hazihitaji kucheleweshwa. Kanuni zilizopo zinatosha. Ninachodai kinahusu maamuzi makubwa na yasiyorudika: ardhi, majengo na miradi ya miaka thelathini. Hapo kuchelewa kwa miezi mitatu ni gharama ndogo mno kando ya hasara zilizotajwa hapa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengine nao watasema COTU na shirikisho la waajiri, FKE, tayari wana viti kwenye bodi. Ni kweli, na Tassia imeonyesha faida yake. Ila wafanyakazi wengi wa majumbani hawamo katika chama chochote, na kiti kimoja au viwili haviwezi kuzuia kitu pale wengi wanapowajibika kwa waziri.

Marekebisho yanayohitajika si mengi. Bunge liipe RBA uwezo wa kusimamisha uwekezaji wowote wa NSSF katika mradi wa serikali hadi tathmini huru itangazwe hadharani, na mkuu wa RBA alindwe asiondolewe kwa amri ya waziri. Wadhamini wanaowakilisha wanachama wachaguliwe na wanachama wenyewe, wakiwemo wa kazi za majumbani. Na hesabu za mfuko zisomwe mbele ya wenye mali. Nchini Uganda, ambako NSSF yao nayo ilitikiswa na kashfa ya ardhi ya Temangalo mwaka 2008, kiwango cha riba hutangazwa kila mwaka katika mkutano wa wanachama, wakisikia na kuuliza. Mtunza bustani wa Karen hakuombwa ridhaa kabla ya Sh960 zake kukatwa. Angalau aonyeshwe zinakokwenda kabla hazijakwenda, na awepo mwenye nguvu ya kisheria ya kusema hapana kwa niaba yake.