Kiti cha pili kisibaki wazi



Tarehe 17 Februari 2024, ndege ya Lufthansa aina ya Airbus A321 ilitoka Frankfurt, Ujerumani, kwenda Seville, Uhispania. Ndani mulikuwa abiria 199 na wafanyakazi 6. Kapiteni akatoka kwenda chooni. Nyuma yake, rubani msaidizi aliyebaki peke yake akapoteza fahamu. Karibu dakika 10 ndege iliruka bila rubani wa kuiongoza. Watu wa chini waliita kwa redio, kimya. Kapiteni akarudi, akabonyeza namba za mlango mara tano, kimya. Akatumia namba za dharura, na kabla mlango haujajifungua, yule mgonjwa mwenyewe akajikokota akaufungua. Ndege ikatua Madrid, abiria wote wazima.

Wale watu walipona juu ya vitu viwili. Mashine iliendelea kushika njia, na kulikuwa rubani wa pili wa kurudi kwenye kiti. Ondoa huyo wa pili, kisha ujiulize nani angetua.

Sasa wako watu wanaotaka kumuondoa. Huko Ulaya, watengenezaji wa ndege wameleta wazo kwamba katika safari ndefu, ndege ikishafika juu, rubani mmoja abaki peke yake na mwenzake aende kulala. Mwaka 2025 shirika la Ulaya la usalama wa anga lilijibu kwamba, kwa ndege za leo, haiwezi kuhakikishwa kuwa usalama utakuwa sawa na ule wa marubani wawili. Jibu zuri. Lakini wazo halijakufa, juu ni la makuta. Wengi wetu tuko na diploma za chuo kikuu na kazi hakuna, tunaijua hii lugha: "mtu mmoja anatosha". Mara nyingi anayeisema siye atakayeumia.

Na kwetu? Kwetu barabara ni potopoto. Mtu wa Shabunda akitaka kufika Bukavu, mara nyingi anangoja ndege ndogo. Na ziko ndege ndogo, kama Cessna Caravan, ambazo zimetengenezwa hata rubani mmoja aweze kuziendesha. Nyuma wamama, watoto na maboksi ya dawa. Mbele mtu mmoja. Huyo mtu moyo ukisimama juu ya pori, nani atashika usukani?

Watatuambia: marubani wanapimwa na munganga. Ndiyo, sheria za kimataifa zinataka wapimwe kila mwaka, na wazee kila miezi 6. Lakini wachunguzi wa Uhispania walisema ugonjwa wa yule rubani wa Lufthansa haungeonekana kwenye vipimo kama dalili hazijajitokeza. Tena mwili hauangushwi na moyo tu. Mara nyingi ni tumbo, ndiyo maana kwenye ndege kubwa wanashauri kapiteni na msaidizi wake wasile chakula kimoja. Na sheria zilezile zinasema: rubani anayebeba abiria peke yake anaachia kwenye miaka 60, lakini wakiwa wawili anaweza kufika 65. Ni kusema sheria yenyewe inajua kwamba mmoja hatoshi.

Lakini tusidanganyane, kujaza kiti tu haitoshi. Tarehe 18 Juni 1972, ndege aina ya Trident ya kampuni ya British European Airways ilianguka Staines, karibu na London, dakika chache tu baada ya kuruka. Watu wote 118 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba moyo wa kapiteni ulikuwa mgonjwa, mwendo wa ndege ukaachwa kushuka. Pembeni yake walikuwa vijana wawili, hakuna aliyefika miaka 25. Walikuwa hawajafundishwa namna ya kutambua kwamba mkubwa wao, aliyekaa pale macho wazi, hayuko tena kazini. Leo wanafundishwa: ukimuita mara mbili na hajibu, chukua usukani. Usiombe ruhusa kwa mtu ambaye hawezi tena kuitoa.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu kwa serikali na kwa wenye ndege.

Moja: kila ndege inayobeba abiria wenye kulipa, hata iwe ndogo namna gani, iwe na marubani wawili.

Mbili: msaidizi afundishwe kweli kuchukua usukani, na asiazibiwe kwa kuwa alimgusia mkubwa.

Tatu: rubani anayeamka na kusema "leo siko muzima" asikatwe mshahara. Ukimtishia mkate wake, atanyamaza, na ugonjwa utapanda naye ndege.

Beya ya tiketi itapanda? Pengine kidogo. Lakini tumeshazika watu wengi wa ndege katika nchi hii, na kila mara tunaambiwa ni bahati mbaya. Mwili kuanguka ghafla ni bahati mbaya. Kiti cha pembeni kuwa wazi, huo ni uamuzi wa mtu.

Raia mwenzetu, siku ukipanda, tazama mbele. Ukiona mtu mmoja tu, uliza. Hiyo ni haki yako.