Bei ya Kipakatalishi na Chumvi ya Bahari
Mwanafunzi wa Mombasa anayelinganisha vipakatalishi kwa bei pekee hukosea hesabu. Upepo wa Mama Ngina hubeba chumvi, nayo chumvi hula bawaba na matundu ya kuchomekea nyaya. Kinachopaswa kuulizwa dukani ni iwapo kifaa kitafunguka na kutengenezeka. MacBook Air ina gamba imara la alumini, lakini kumbukumbu yake imelehemiwa ndani. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 (jina lililoanzia IBM mwaka 1992, likahamia Lenovo mwaka 2005) hufunguliwa kwa bisibisi, na betri yake ya nje huchomolewa kwa mkono. Kwa anayeandika tasnifu, mtumba huo wafaa kuliko kipya cha plastiki cha bei ileile.