Mnunuzi Atafutwe, Asingojewe

Mwezi wa Julai mwaka 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwakataza watu wasio raia wasifanye aina kumi na tano za biashara ndogo, na moja katika hizo ni kununua mazao shambani. Sisi hatuna ugomvi na amri hiyo. Mkulima wa Msalala au wa Kishapu ana haki ya kuuza mpunga wake bila ya kuzungukwa na mgeni mwenye fedha taslimu msimu ungali mchanga. Lakini amri ikishatolewa, swali hubaki: ikiwa yule mgeni haruhusiwi tena kuja mpaka shambani kwetu, ni nani sasa atakayekwenda mpaka sokoni kwake?

Twauliza hivyo kwa kuwa twaijua desturi ya biashara ya mchele katika mji wa Kahama na vitongoji vyake. Vinu vya kukoboa vipo vingi, na vingine vina mashine za kisasa za kuchambua punje kwa rangi. Mchele wake ni mzuri, na sifa yake imevuka mipaka. Pamoja na hayo yote, namna ya kuuza ni ile ile ya zamani. Lori lenye namba za nchi jirani hufika mlangoni, dereva na tajiri wake hutaja bei, mwenye kinu hulalamika kidogo kisha hukubali, vibarua hupakia, na lori huondoka. Mchele ule hutoka ndani ya magunia yasiyo na jina lolote. Ukifika huko uendako hutiwa katika mifuko mizuri yenye jina la mtu mwingine, na faida ya jina hilo huwa ya mtu huyo. Mwenye kinu hajui mchele wake umeuzwa bei gani huko, wala umeliwa na nani.

Tusiwalaumu wenye vinu peke yao. Tabia hii ya kungoja mnunuzi tumefundishwa na mali ya nchi yetu yenyewe. Mtu mwenye gramu tatu za dhahabu Geita hahitaji kuuliza kama kuna atakayeinunua. Bei yake hutangazwa London mara mbili kila siku ya kazi, na tangu Machi 2019, soko la madini lilipofunguliwa Geita, anajua pia mahali halali pa kuipeleka. Almasi ya Mwadui nayo haikumpa mchimbaji wake taabu ya kuzunguka dunia akitafuta mteja. Na pamba, iliyowalisha na kuwasomesha watu wa Shinyanga tangu kabla ya Uhuru, hungojewa na mkulima katika kituo cha kununulia: mizani ipo, karani yupo, bei imekwisha kutajwa. Vyama vya ushirika vya pamba, tangu vile vilivyoungana mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, vilimtetea mkulima mbele ya mizani, na hiyo ilikuwa kazi kubwa. Lakini kujua nyuzi zile zilifumwa wapi, na ni nani aliyevaa shati, hakukuwa kazi ya mkulima.

Basi vizazi vitatu vimekua katika nchi ambamo mali hufuatwa. Anapotokea mtu mwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya pamba, cha sabuni, cha ngozi au cha mchele, huingia katika biashara kwa mawazo ya mwenye dhahabu. Hununua mashine kwanza, kwa mkopo. Kisha huanza kutengeneza. Kisha, bidhaa zikiisha kujaa ghalani na benki ikianza kuandika barua, ndipo huuliza soko liko wapi.

Wakazi wa Kahama hawahitaji kukumbushwa kwamba dhahabu ina mwisho wake. Mgodi wa Buzwagi ulifunga kazi yake mwaka 2021, na Serikali ikaamua kwamba eneo lile liwe eneo maalum la uchumi kwa ajili ya viwanda. Huo ni uamuzi wa busara. Lakini uzio, umeme na barabara haviwezi kumwambia mwenye kiwanda atengeneze nini, kwa ajili ya nani. Kiwanda kilichojengwa juu ya ardhi ya mgodi bila ya soko kujulikana kitafungwa upesi kuliko mgodi wenyewe, na mfanyakazi aliyekwisha kupoteza kazi mara moja ataipoteza mara ya pili.

Sasa kutafuta soko ni kufanya nini? Wengi hudhani ni kusafiri kwenda maonyesho Ulaya au China, kugawa kadi na kupiga picha. Sisi twaona kazi huanza mezani, na kwa gharama ndogo sana. Kila bidhaa inayovuka mpaka ina namba yake ya forodha, na tarakimu sita za kwanza za namba hiyo ni zile zile karibu dunia nzima. Mchele uliokobolewa ni 1006.30, chenga ni 1006.40. Mwenye kuijua namba hii aweza kufungua katika intaneti takwimu za Kituo cha Biashara cha Kimataifa kilichoko Geneva, akaona ni nchi gani zinazonunua bidhaa ya namba hiyo, zinanunua kwa nani, kiasi gani, na kwa thamani gani. Akigawanya thamani kwa uzito atapata bei ya wastani ya tani moja mpakani. Kijana aliyemaliza kidato cha nne aweza kuifanya hesabu hiyo kwa simu. Twashangaa kwamba wenye vinu wengi hawajawahi kuijua namba ya mchele wao wenyewe, maana wakala wa forodha ndiye huijaza kwa niaba yao.

Baada ya namba ni ushuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ushuru mkubwa juu ya mchele unaotoka nje ya Jumuiya: 75 kwa mia ya thamani, au dola 345 za Marekani kwa tani, kutegemea ni upi ulio mkubwa. Mchele wa Kahama wenye cheti cha uasili hauna ushuru huo. Hapo msomaji atasema, basi tumekwisha kushinda. La. Mataifa wanachama huruhusiwa mara kwa mara kutoza pungufu ya kiwango hicho. Kenya kwa miaka mingi imetoza 35 kwa mia, na mchele wa Pakistan umejaa katika maduka yake. Mwenye kujua tofauti hiyo ataelewa kwa nini bei yake yakubaliwa nchi moja na kukataliwa nchi nyingine. Asiyejua atadhani amerogwa. Na kwa mwenye mzigo mdogo usiozidi thamani ya dola 2,000, Jumuiya imeweka cheti chepesi kinachotolewa pale pale mpakani. Ni wangapi Shinyanga wanaokitumia?

Tena yafaa kutazama ramani. Kutoka Kahama hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita elfu moja. Kutoka Isaka hadi Kigali ni yapata mia tano. Isaka ina bandari kavu, ambapo mizigo iliyoletwa kwa reli huhamishiwa katika malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Rusumo, tangu mwaka 2016, maofisa wa nchi mbili hukagua mzigo mahali pamoja. Kwa hiyo mwenye kiwanda kidogo wa Kahama amekaa juu ya njia ambayo wengine wangeilipia dhahabu, naye anaota Ulaya. Twasema aanze na jirani. Ulaya haitahama.

Lakini jirani naye ana sheria zake, na ukaribu wa nyumba si ruhusa ya kuingia bila hodi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoota katika nafaka iliyohifadhiwa mbichi. Malori yalisimama mpakani. Siku chache baadaye zuio liliondolewa, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja, na asili ya mahindi ijulikane. Wengi walilia kwamba ni hila ya kibiashara. Huenda hila ilikuwamo. Hatuwezi kusoma mioyo ya watu. Ila kiwango kile cha 10 hakikutungwa usiku ule. Kilikuwa tayari katika viwango vya Jumuiya, navyo vilikuwa vimeandikwa kabla ya lori la kwanza kupakiwa. Mwenye kuvisoma mapema alikausha mahindi yake na kuyapima. Asiyevisoma alilala na lori mpakani, na aliyelipia usiku ule ni mkulima, dereva na kibarua.

Kadhalika mfuko. Rwanda ilipiga marufuku mifuko laini ya plastiki tangu mwaka 2008, miaka kumi na moja kabla yetu, na mwaka 2019 ikaongeza vitu vingine vya plastiki vinavyotumika mara moja. Mwenye sabuni au karanga aliyechapisha vifungashio elfu kumi kabla ya kuuliza anaweza kuvirudisha nyumbani avitumie kuotesha miche. Na zile alama za mistari zinazosomwa na mashine dukani: namba za Tanzania huanza na 620, za Kenya 616. Kwa miaka mingi, kabla huduma hiyo haijaanzishwa hapa nchini, wenye viwanda wetu walichukua namba kwa jirani, na bidhaa ya Tanzania ikahesabiwa kwa namba ya nchi nyingine. Leo hakuna udhuru wa jambo hilo.

Haya yote huweza kujulikana mtu akiwa ameketi. Yapo mengine yasiyojulikana ila kwa miguu. Ladha, kwa mfano, haimo katika takwimu. Sisi huuza chenga kwa bei ya kutupa, na wengi huwapa kuku. Watu wa Senegal hununua mchele uliovunjika kwa hiari yao, maana ndio wanaoupenda katika wali wao wa samaki. Hatusemi Kahama ipeleke chenga Dakar. Twasema mtu aliyekaa kwake hawezi kubuni kile akipendacho mwenzake. Mwenye kinu na apande basi aende Kigali, au Bujumbura, akae siku nne sokoni. Atazame mifuko ni ya kilo ngapi. Amuulize mama mwenye duka ni mchele gani unaorudishwa, na kwa kosa gani. Anunue mfuko mmoja wa kila aina aupike. Kisha apige hesabu kinyumenyume: bei ya rafuni atoe faida ya muuza duka, atoe ya mwenye ghala, atoe nauli ya lori, wakala, mfuko, na hasara ya kubadili fedha. Kitakachobaki ndicho anachoweza kupokea. Kikiwa pungufu ya gharama za kinu chake, amepata habari njema, maana ameipata kwa nauli ya basi wala si kwa kuuza shamba.

Aulize pia juu ya malipo na amani. Burundi ilipungukiwa mno na fedha za kigeni katika miaka iliyofuata 2015, na mtu aweza kuuza vizuri huko kisha akakaa miezi akingoja dola. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, na wengi wakashangilia soko kubwa. Mapema mwaka 2025 miji ya Goma na Bukavu ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Mwenye kutegemea mji mmoja tu amefunga ng'ombe wake wote katika mti mmoja.

Shinyanga yenyewe imeliona jambo hili kwa macho. Palikuwa na machinjio ya punda mjini humo, ambayo soko lake lilikuwa China, mahali ambapo ngozi ya punda huchemshwa kutengeneza dawa. Soko lilijulikana, na bei ilikuwa nzuri. Kilichosahauliwa ni punda mwenyewe: hubeba mimba kwa mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Punda wakapungua, wizi ukaenea vijijini, Serikali ikazuia, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakapiga marufuku biashara ya ngozi hizo barani kote. Kazi zile zimekwenda. Basi kulichunguza soko bila ya kuchunguza ghala lako ni nusu ya kazi.

Tutaambiwa kwamba mwenye kiwanda kidogo hana fedha za mambo haya. Hatukubali. Vinu kumi vya Kahama vikichanga vyaweza kumpeleka mtu mmoja mwaminifu Kigali na Bujumbura kila msimu, naye akaleta taarifa moja kwa wote. SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lina ofisi mkoani. TanTrade, ambayo ndiyo huandaa maonyesho ya Sabasaba, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2009 kwa kazi ya kukuza biashara. Balozi zetu ziko Kigali, Bujumbura na Kinshasa, na maofisa wake hulipwa kwa kodi za hao hao wenye vinu. Ofisa wa ubalozi ambaye hawezi kumjibu mtu wa Kahama bei ya mchele katika mji anaoishi yafaa aulizwe asubuhi huwa anakwenda wapi. Na twawaambia maofisa wa mikoa ya Shinyanga na Geita kwamba semina moja zaidi juu ya fursa haitauza hata kilo moja. Bandikeni bei za Kigali na Bujumbura katika mlango wa halmashauri kila Jumatatu.

Neno letu la mwisho ni kwa wafanyakazi wa vinu na viwanda. Mmezoea kuuliza habari ya mshahara, na ni haki yenu. Ulizeni na hili katika vikao vyenu: mali tunayopakia leo inakwenda kwa nani, kwa bei gani, na ikiwa lori lile halitarudi wiki ijayo, meneja anaye mnunuzi wa pili? Akinyamaza, mtakuwa mmejua habari ya mshahara pia.