Tukilacho Kisitule



Juma lililopita, penye mashine ya kusaga hapa mjini Dodoma, mama mmoja alikuwa ameinamia ungo akichagua mahindi. Punje zilizovunjika na zilizoota ukungu alizitenga kando. Nikamwuliza atazifanyia nini.

"Za kuku hizo, mwanangu. Nimezinunua kwa fedha yangu, nizitupe?"

Sikuwa na jibu la haraka. Leo ninalo.

Mwaka 2016, katika vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kutapika, macho yakawa ya manjano, matumbo yakavimba. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao wakafariki dunia. Uchunguzi ulionyesha kwamba muuaji alikuwa ndani ya chakula chao wenyewe: mahindi yenye sumukuvu. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kuonja msiba huo mwaka 2004, walipougua watu 317 na kufa 125.

Korona ilipoingia nchini mwaka 2020, tuliweka ndoo ya maji na sabuni kila mlango. Sumukuvu haitoki kwa sabuni, wala moto wa jikoni hauimalizi. Kuvu huanza shambani mmea unapopatwa na ukame, jambo lisilo geni kwetu huku kanda ya kati. Kisha hustawi nafaka inapoanikwa juu ya udongo mtupu na kuwekwa ghalani ingali na unyevu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu 10 kwa kilo. Maana yake, gramu 1 tu ya sumu hiyo yatosha kufikisha tani 100 za mahindi kwenye kikomo hicho. Alaye kidogo kidogo kwa miaka mingi hujitafutia saratani ya ini.

Kwa hiyo, mfanyabiashara anayechanganya debe la mahindi mabovu katika magunia mazuri hapunguzi ubovu, anausambaza. Nasi wa mjini tu rahisi kudanganywa, kwa kuwa unga hauna sura. Karanga mbovu zikisagwa, hakuna azitambuaye.

Tufanyeje basi? Tununue punje, tuzitazame, tuzichague, ndipo tusage. Kukoboa nako hupunguza sumu. Tuwe waangalifu zaidi na karanga zinazotiwa katika uji wa watoto. Tuanike juu ya turubai au jamvi. Mabovu yasiende kwa kuku, kwani nao hudhurika. Wala yasiende kwenye pombe, kwani mnywaji naye ana ini. Yafukiwe.

Najua uchungu wa kufukia kitu kilichonunuliwa kwa jasho. Lakini mama, ungo mmoja wa punje mbovu ni hasara ya siku moja. Ini la mtoto haliuzwi sokoni. Hilo ndilo jibu langu, ingawa limechelewa juma zima.